Benadetha Hakuteremka Garini

Asubuhi moja ya Jumatatu, Fundi Sipriani alifungua manifoldi kwenye injini ya gari la wagonjwa, akaiosha kwa dizeli na kuilaza juu ya meza ya chuma mbele ya gereji yake, pale njiapanda ya Mingoyo. Manifoldi ni kile chuma chenye mikono kinachopokea moshi kutoka kwenye injini na kuukusanya kwenye bomba moja la ekzosi. Sipriani alipitisha rula ndefu ya chuma juu ya uso wake, akainama, akachungulia. Katikati, mwanga ulikuwa unapita chini ya rula. Akaibeba, akajaribu kuirudisha kwenye injini. Matundu ya mwanzo yalikaa sawa na bolti zake, ya katikati yakaingia kwa shida, na ya mwisho yakagoma kabisa, yamesogea pembeni kiasi cha unene wa kidole.

"Imepinda," akamwambia mwanamke aliyekuwa nyuma ya gari.

"Imepinda sana?"

"Inatengenezeka."

Mwanamke huyo aliitwa Benadetha, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia ndani ya gari hilohilo.

Kwao ilikuwa Nanjolombe, kijiji cha wakulima wa korosho na ufuta ng'ambo ya mto. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimwanza alfajiri. Mwenyekiti wa kijiji akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, akajibiwa kwamba gari limepakia maturubai na viti vya sherehe ya ofisi ya wilaya, likishusha litakuja. Lilifika jua likiwa limeshapinda. Dereva wake, Deo, alikuwa amelikimbiza huku na kule tangu asubuhi, na boneti ilikuwa haishikiki kwa joto. Alipomwona mgonjwa alivyokuwa, hakusubiri injini ipoe. Aliingia mtoni kwa kasi, maji yakarukia chuma kilichokuwa chekundu, na wote mle ndani wakasikia mlio kama wa jiwe linalopasuka. Gari lilipanda ukingo wa pili likinguruma vibaya. Moshi ukaanza kuingia ndani, nguvu zikaisha, na likasimama katikati ya mikorosho. Deo alifungua boneti akafunga hiki na kile kwa waya. Mume wa Benadetha, Stephano, alikuwa ameshika kichwa cha mkewe mapajani akimpepea kwa kofia. Benadetha alikata roho jua likiwa bado lipo.

Walimzika Nanjolombe kesho yake. Katekista aliongoza sala, na Stephano akatupa udongo kwa mkono wake mwenyewe. Gari lilivutwa kwa trekta hadi Mingoyo. Sipriani alipofungua mlango wa nyuma ili afagie, alimkuta Benadetha amekaa kwenye kitanda cha wagonjwa, mkono mmoja chini ya tumbo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hujateremka?"

"Hatujafika," akasema Benadetha.

Sipriani akafagia kumzunguka.

Alipeleka taarifa ofisini kwamba manifoldi imepinda, bolti mbili zimekatikia ndani, na kuna abiria. Alijibiwa kwamba kipuri kipya kitaagizwa Dar es Salaam, na suala la abiria litaangaliwa gari likishapona. Kipuri hakikuja. Mvua za masika zikanyesha zikaisha, korosho zikachanua, na gari likabaki chini ya banda la mabati, magurudumu yake yakianza kuota majani. Mama aliyekuwa akiuza chai ng'ambo ya barabara alimpelekea Benadetha kikombe kila asubuhi. Mchana alikifuata kikiwa kimejaa vilevile, akamwagia kuku, akakiosha.

Stephano alikuja kila Jumamosi. Aliomba lifti kwenye malori, akateremka njiapanda na kikapu chake, akamsalimu fundi kwa heshima, kisha akaingia garini na kukaa kwenye benchi la pembeni. Katika miaka miwili ya ndoa yao walikuwa hawajakaa pamoja kiasi hicho. Muda mwingi yeye alikuwa Mtwara akibeba magunia kwenye maghala, na aliporudi nyumbani alikuwa mtu wa kula, kulala na kuondoka tena. Ndani ya gari lile alijifunza kuongea. Alimsimulia mkewe habari za mbuzi aliyezaa pacha, za bati lililong'olewa na upepo, na za mama yake mzazi, Justa, aliyefariki akiwa yeye bado mdogo, jambo ambalo hakuwahi kumtajia mtu. Alifuta vioo. Akatundika pazia la kitenge ili jua lisimpige Benadetha usoni. Siku nyingine Sipriani, akiwa amelala chini ya gari la mtu mwingine, aliwasikia wakicheka, naye akapunguza kugonga nyundo. Mkewe mwenyewe alikuwa amekwisha kufa miaka mingi nyuma na hakubaki mahali popote.

Mwaka ulipokuwa umepita, ofisi ilipata wageni. Walikuwa wafike Kilwa, na ilitakiwa magari yote yawepo barabarani. Afisa mmoja alikuja Mingoyo, akalizunguka gari, akachungulia nyuma, akamwinamishia Benadetha kichwa kwa adabu, kisha akamuuliza Sipriani kama kazi itakwisha kabla ya wageni kufika. Sipriani akamkumbusha kuhusu kipuri. Afisa akamwambia asisubiri kipuri, anyooshe hichohicho cha zamani.

Ndiyo maana Jumatatu ile alikifungua. Alitafuta bamba nene la chuma, akaifunga manifoldi juu yake kwa bolti kubwa, akakaza kidogo huku, kidogo kule. Akawasha gesi na kuanza kuipasha moto taratibu, akitembeza mwale kutoka mkono hadi mkono bila kutua mahali pamoja, mpaka chuma chote kikawa na rangi moja. Kisha akaifukia kwenye lundo la majivu ya mkaa ipoe yenyewe, kwa kuwa chuma cha namna ile kilichopoa kwa haraka hupinda tena, au hupasuka. Ilipokuwa imepoa aliitoa, akaipiga tupa, akaipima, akaona bado kidogo, akairudisha motoni. Kazi hiyo ilimchukua juma zima. Benadetha alikuwa akiuliza maendeleo mara kwa mara, naye akimweleza.

Jumamosi Stephano alifika na kikapu chake, akaliona lile lundo la majivu. Alilisogelea, akanyoosha kiganja juu yake, akasikia joto. Akauliza ni nini. Sipriani akamwambia ni manifoldi, na ikishapoa itafungwa.

Stephano hakwenda garini moja kwa moja kama kawaida yake. Alichuchumaa pale kwenye majivu.

"Fundi," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini ili isifike garini, "iache ilivyopinda."

Stephano akaendelea kueleza kwamba gari likitengemaa litaondoka, Benadetha atafika alikokuwa akienda, na akishafika, yeye hatakuwa na mahali pa kumfuata. Nyumbani kulikuwa na kaburi, lakini alikuwa amekwisha kukaa kando ya lile kaburi na halikumwambia kitu. Hakuomba gari life kabisa. Aliomba lichelewe kidogo tu.

Jioni ile, Stephano akiwa ndani ya gari, Sipriani aliifukua manifoldi, akaipangusa, akaijaribu kwenye injini. Matundu yote yalikaa sawa. Bolti ziliingia moja baada ya nyingine kwa kusukumwa na vidole tu, bila spana. Alizitazama zilivyosimama. Kisha akazitoa zote, akaiweka manifoldi mezani, akatangaza kwamba bado haijakubali. Stephano hakurudi Nanjolombe Jumapili ile. Alilala kwenye magunia ndani ya gereji. Jumatatu afisa alipiga simu, Sipriani akamwambia matundu bado hayajalingana. Jumanne akamwambia vivyo hivyo.

Jumatano Benadetha alimwita. Sipriani akaenda akiwa na kitambaa mkononi, akasimama mlangoni. Stephano alikuwa kwenye benchi lake.

"Fundi, Jumamosi bolti zote ziliingia. Nilizisikia."

Sipriani alifuta vidole, kimoja kimoja. "Ziliingia," akasema.

"Basi mbona tupo hapa?"

Kuku wa mama wa chai walikuwa wakipekua majivu. Stephano aliwatazama kwa muda, kisha akasema kwamba ni yeye aliyemwomba fundi.

"Nimekuzoea kuwa hapa," akamwambia mkewe.

"Stephano," akasema Benadetha, "uchungu haujakata. Tangu siku ile mtoni haujakata."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unafika umechoka, unakaa hapo, unafurahi. Nikaona nisikukatishe."

Stephano alinyoosha mkono akauweka juu ya tumbo lake. Hakuwa amefanya hivyo tangu siku ile, kwa sababu alidhani kwa wafu jambo hilo halina maana. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Likalegea chini ya kiganja chake, akamwona Benadetha akivuta pumzi asizozihitaji. Kisha likaanza kukaza tena, polepole, mpaka mwisho, na Benadetha akawa ameuma kanga yake kwenye pembe ya mdomo, akitazama pazia. Stephano alilifahamu lile pazia na ile kanga, na ile pembe yake iliyotafunika ikabaki nyuzi. Alikuwa ameiona kila Jumamosi.

Aliteremka garini, akaenda mezani, akaibeba manifoldi mwenyewe, akamletea fundi.

Sipriani alikata gasketi mpya ya kuziba mwanya na kuifunga kazi yote mchana huohuo. Alianza kukaza bolti za katikati, akaenda pembeni, akarudia tena mzunguko. Deo aliitwa. Alikuwa amenenepa tangu mwaka uliopita na hakupenda kutazama nyuma ya gari, lakini alikwenda mlangoni akamsalimu Benadetha, na Benadetha akamwambia pole kwa safari. Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza, ikatulia. Sipriani akapitisha kiganja kando ya manifoldi yote, akitafuta upepo. Hakukuwa na upepo.

Waliondoka Alhamisi asubuhi. Deo aliendesha polepole, akipunguza mwendo kwenye kila tuta kana kwamba amebeba mayai. Benadetha akaomba pazia lifunguliwe. Alikuwa hajawahi kufika pwani. Aliyaona mashamba ya chumvi, meupe, na watu wakikokota chumvi kwa majembe ya mbao, akauliza kama ile yote inaliwa. Stephano akamwambia inaliwa. Uchungu ulipokuja alimpa mkono, na safari hii alijua umekuja.

Hospitalini aliwapokea mkunga aliyeitwa Moza, mwanamke wa makamo, mwenye hijabu nyeupe na viatu vya mpira. Alimlaza Benadetha, akampapasa tumbo, akauliza uchungu umeanza lini. Stephano akasema mwaka jana, kabla ya msimu wa korosho.

"Mbona mmechelewa kumleta?" akauliza Moza.

Deo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema gari lilikuwa bovu. Moza akasema hivyo ndivyo anavyoambiwa na wote. Hakulisema kwa hasira. Akavaa glavu, akawaomba wanaume watoke.

Mtoto alikuwa amelala mkingamo. Moza alimgeuza kwa nje, kwa viganja viwili, akisukuma kichwa huku na makalio kule, akingoja uchungu upite, akisukuma tena. Deo alikuwa uani akiosha kioo cha mbele cha gari, na kabla hajamaliza kukikausha mtoto alikuwa amekwisha kukaa sawa. Baada ya hapo hakukawia. Alikuwa msichana, mwenye nywele nyingi, na alizaliwa macho wazi. Moza akamfuta, akamsugua mgongo, akampulizia puani, akamsugua tena. Mtoto akamtazama, kisha akageuza macho kumtafuta mama yake. Hakupumua. Moza akamfunga kitenge akampa Benadetha.

Alimkuta Stephano kwenye benchi la nje, akamweleza kwamba mtoto amezaliwa, ni wa kike, na yuko kama mama yake alivyo.

"Wangefika siku ile, ungeondoka na wote wawili," akamwambia. "Lilikuwa jambo la kumgeuza tu."

Akaenda kunawa, maana kulikuwa na mwingine anamsubiri.

Stephano aliingia. Benadetha alikuwa ameegemea mto, mtoto kifuani. Uso wake ulikuwa umelainika, na hapo ndipo Stephano alipogundua kwamba ule uso aliokuwa akiuona kila Jumamosi haukuwa wake wa kawaida. Huu ndio ulikuwa wake. Alikuwa ameusahau.

"Umekata," akasema Benadetha.

Waliongea juu ya jina, wakakubaliana aitwe Justa. Mtoto alikuwa ameshika kidole cha baba yake, baridi, lakini kwa nguvu. Benadetha akasema ana usingizi. Stephano akamwambia alale, akabaki amekaa kitandani, akasikiliza wodi ilivyokuwa ikiendelea na mambo yake, ndoo zikiburutwa, mama mmoja akimbembeleza mwanawe. Moza aliporudi kubadilisha shuka, kitandani alikuwepo mtoto peke yake, amefumba macho ndani ya kitenge. Mto ulikuwa na shimo la kichwa.

Stephano akauliza kama asubiri.

"Wakishafika huwa hawarudi," akasema Moza, akamsaidia kumbeba mtoto vizuri.

Uani gari lilikuwa linang'aa. Deo alikuwa amepigiwa simu, anatakiwa Kilwa siku hiyohiyo, na njiani apakie viti. Aliyasema hayo akiwa ameinamia usukani. Kilwa na Mingoyo ni njia mbili zilizopeana mgongo, na Stephano hakumlazimisha. Alimtazama akigeuza gari, akasikiliza injini mpaka ikapotea. Ilikuwa ikienda vizuri.

Alipata lori la chumvi linalokwenda Masasi. Dereva akamweka mbele kwa sababu ya mtoto, akauliza kama amelala, Stephano akasema amelala. Njiapanda ya Mingoyo lori lilisimama kujaza maji, na Sipriani akavuka barabara akamkuta dirishani. Alimtazama mtoto, akavua kofia. Chini ya banda lake mahali pa gari la wagonjwa palikuwa na alama nne za magurudumu na majani yaliyofifia.

"Gari lilikwenda salama?" akauliza.

"Lilikwenda salama, fundi. Halikutoa moshi hata kidogo."

Sipriani akasema ni vizuri. Alibaki ameshika mlango wa lori mpaka dereva aliporudi.

Nanjolombe wanawake walimpokea mtoto, wakamwosha. Aliyemwosha ni Fortunata, mdogo wake Benadetha, aliyeolewa mwaka uleule dada yake alipofariki. Alimchana zile nywele kwa kitana, akampaka mafuta, akamvika kofia ya uzi. Wanaume walifukua ubavuni mwa kaburi la mama yake, katekista akaongoza sala, na Stephano akatupa udongo kwa mkono wake. Watu wakala ugali na kunde, wakatawanyika mmoja mmoja.

Fortunata alibaki. Alisuuza masufuria, akayapanga, kisha akaja akasimama mbele ya shemeji yake na kumuuliza gari liko wapi.

Stephano akamwambia limekwenda Kilwa, kuna wageni.

Fortunata akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza wageni gani. Kesho yake asubuhi alifunga kanga zake mbili, sufuria ndogo na kibaba cha unga, akamuaga mumewe, akashika njia ya kwenda pwani kwa miguu. Mimba yake ilikuwa bado changa, haionekani kwa mtu ambaye hakuambiwa. Alitaka awe karibu na hospitali wakati ukifika, na kwa mwendo wake atafika mapema, atatafuta mahali pa kulala na kibarua cha kukokota chumvi.

Mtoni aliwakuta wanawake wengine wawili, wa kijiji cha jirani, wameketi kwenye mawe wakivua ndala. Nao walikuwa na vifurushi. Walisalimiana, wakapeana nafasi, na bila kuulizana wanakwenda wapi wakashikana mikono, wakaingia majini taratibu.